Uwanja wa Mikoroshini na Mita ya Kizalendo

Wapo watu wa nchi nyingine wanaolalamika kwamba serikali zao hazisikii. Yetu inasikia, tena kupita kiasi, na hilo ndilo lililotuponza sisi watu wa Mikoroshini.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kipo kwenye lango la bustani ya mtaa, na kwa miaka kumi na minane nimekaa pale nikishona, nikigundisha soli na kuwatazama watu wakicheza tenisi. Sikusoma sana, kwa hiyo huamini ninachotangaziwa. Haya nayaeleza kama nilivyoyaona. Mkiona chumvi imezidi, jueni si mimi niliyeitia. Mimi nilikuta chakula kishapakuliwa.

Uwanja wetu wa tenisi ulikuwa wa saruji, mzee, wenye wavu nilioushona mimi mwenyewe kwa kamba ya katani. Upande mmoja ulikuwa na ufa mrefu uliopinda kama mto kwenye ramani. Mpira ukigonga pale, hata malaika hajui utaruka wapi. Lakini watu walikuwa wameuzoea. Mpira wa ufani ulirudiwa, basi, na mchezo ukaendelea.

Wachezaji wa kila siku walikuwa wawili. Sista Tunu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kuamsha wodi nzima. Mwenzake alikuwa Mwalimu Lihemba, mzee aliyefiwa na mke, mrefu kama nguzo ya simu, aliyefundisha hesabu katika sekondari yetu mpaka kiharusi kilipomwangusha ubaoni akiwa na chaki mkononi. Alipona, ila mguu wa kulia ukawa unaburuta, na mkono wa kulia ukalala. Hospitali ilimpa kimpira cha kufinyafinya. Sista Tunu alipokwenda kumjulia hali akakitupa dirishani.

"Mwalimu, mkono haurudi kwa kubembelezwa," alimwambia. "Shika raketi."

Mwaka wa kwanza raketi ilikuwa ikimponyoka kila mara. Mwaka wa pili akawa anavusha mpira wavu. Mwaka wa tatu walikuwa wanacheza kweli, kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu, na Sista alimfunga kila asubuhi bila huruma.

"Siku moja uniachie hata mchezo mmoja," Mwalimu alikuwa akisema huku akihema.

"Nikikuachia utalala tena."

Siku moja Mwalimu alijikwaa kwenye ule ufa, nusura aanguke. Ndipo wakakaa mbele ya kibanda changu, wakaandika barua kwa Serikali: tunaomba mfuko mmoja wa saruji, na ruhusa ya kuziba ufa sisi wenyewe. Mwalimu aliandika kwa mkono wa kulia, polepole, herufi zikiinama kama watu waliobeba kuni. Alijivunia sana ile barua. Laiti tungejua, tungeichana.

*

Wiki tatu baadaye ulikuja msafara wa magari kumi na moja. Aliyeshuka ni Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Viwanja, Burudani na Furaha ya Wananchi. Alikuwa ameishika barua yetu kwa vidole viwili, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye kipaza sauti, ingawa tulikuwa watu tisa, "mmeomba mfuko mmoja wa saruji. Nilipousoma huo mstari sikula. Mke wangu ni shahidi. Mwananchi wa nchi hii aombe mfuko mmoja? Kwani sisi ni nchi ya mfuko mmoja?"

"Hapana!" walijibu waliokuja naye.

"Hatutaziba ufa! Kuziba ufa ni fikra za kushindwa. Tutaufukua uwanja mzima, tuuzae upya!"

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Ukarabati Mkuu wa Viwanja vya Tenisi vya Mitaa, Awamu ya Kwanza. Uwanja ukazungushiwa mabati siku ileile. Kwenye mabati ukabandikwa ubao wenye picha ya Mheshimiwa ameshika raketi kama mwiko wa kusongea ugali.

Mwalimu Lihemba alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, kazi itachukua muda gani? Na sisi tutacheza wapi kwa sasa?"

"Miezi minne, mzee wangu. Na kwa sasa mtacheza moyoni."

Ikawa miezi kumi na minne. Sisemi kwamba hawakufanya kazi. Palikuwa na Kamati ya Rangi, iliyobishana kuhusu kijani mpaka wajumbe wawili hawasalimiani. Palikuwa na Kamati ya Wavu, iliyosafiri ng'ambo kuangalia wavu, ikarudi na taarifa nene ikisema kwamba wavu una matundu. Taarifa ilizinduliwa kwa ngoma. Wakati mwingine walikuja hata watu wenye sepetu.

Mwalimu yeye alicheza moyoni, kama alivyoagizwa, lakini mkono haukuwa na habari hiyo. Mwezi wa tatu alianza kubadilisha mkono akishika kikombe. Mwezi wa saba nilimwona amekuja na shati lililofungwa vifungo kombo. Kisha asubuhi moja alisimama mbele ya kibanda changu muda mrefu, mpaka nilipotazama chini nikaona kamba za viatu zimelegea zote mbili.

"Leta mguu, Mwalimu," nikamwambia. "Kamba hizi za siku hizi ni mbovu."

"Ni kweli," alisema akiangalia pembeni. "Mbovu kabisa."

Tangu siku hiyo nilimfunga kamba kila asubuhi, na kila asubuhi tulizilaumu kamba. Sista Tunu alimpeleka kwenye ukuta wa shule apige mpira pale. Mlinzi akawafukuza kwa kuwa ukuta ulikuwa umepakwa rangi kusubiri ugeni. Alipomaliza kugombana na mlinzi, Sista alikuja kukaa kwangu. Sijawahi kumwona amechoka namna ile.

"Fundi," aliniambia, "mkono ule nilishauokoa mara moja. Sina nguvu za kuuokoa mara ya pili bila uwanja."

*

Siku ya uzinduzi mabati yaliondolewa, na kusema kweli uwanja ulipendeza. Kijani kilikuwa kijani, mistari myeupe kama meno ya mtoto. Nyuma yake, mahali palipokuwa mwisho wa uwanja wa zamani, palikuwa na ukuta mpya, na nyuma ya ukuta kituo cha kuoshea magari cha shemeji yake Mheshimiwa. Nilidhani ni sehemu ya ukarabati, maana wachezaji wengine huja na magari.

Mheshimiwa Fumbwe alikata utepe, akavua koti, akapewa raketi. Alirusha mpira juu na kuupiga. Ulivuka wavu, ukavuka uwanja wote, ukavuka ukuta, tukasikia ukigonga paa la gari na mtu akitukana.

"Nguvu za Mheshimiwa!" alipaza sauti katibu wake, na watu wakapiga makofi.

Mwalimu Lihemba hakupiga. Alikuwa ameanza kutembea. Alitoka mstari wa mwisho wa upande huu, mguu ukiburuta, akaenda mpaka mstari wa mwisho wa upande ule, midomo ikichezacheza. Alipofika akageuka. Aliyefundisha miaka thelathini hajui kuficha jibu.

"Ishirini," alisema kwa sauti ya darasani. "Ulikuwa hatua thelathini. Mheshimiwa, uwanja umekatwa theluthi."

Makofi yalikoma. Mheshimiwa alitabasamu na kusema kwamba Serikali sikivu imelisikia hilo na italifanyia kazi. Nilifurahi. Sista Tunu alimshika Mwalimu kiwiko, akamnong'oneza, "Twende nyumbani."

Serikali ikalifanyia kazi. Iliunda Tume ya Wataalamu ya Kuchunguza Hatua za Mwalimu, nayo ikakaa hotelini wiki sita. Matokeo yalisomwa redioni na Mheshimiwa mwenyewe. Uwanja wa tenisi duniani kote, alisema, una urefu wa mita ishirini na tatu na sentimita sabini na saba. Uwanja wa Mikoroshini nao una urefu huohuo barabara. Tatizo liligunduliwa kuwa si uwanja.

"Tatizo ni mita," alisema. "Mita tuliyorithishwa na wakoloni ni ndefu kupita mahitaji ya nchi changa. Kuanzia leo tunayo mita yetu, Mita ya Kizalendo, inayolingana na hali yetu."

Mita ya Kizalendo ilikuwa theluthi mbili ya ile ya zamani. Rula na futi kamba zote za mafundi zilikusanywa kwa wiki moja, zikachomwa moto mbele ya ofisi ya kata, nasi tukagawiwa mpya zenye picha ya Mheshimiwa kwenye sentimita ya hamsini. Mafanikio yalifuata upesi. Nchi yetu ilikua kwa nusu bila kuvuka mpaka wa mtu, ingawa majirani walihamisha askari kidogo kwa wasiwasi. Mkimbiaji wetu wa mita mia alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde mbili. Dunia ikakataa kuipokea kwa sababu ya wivu. Mheshimiwa mwenyewe, aliyekuwa mtu wa kimo cha kawaida, akawa na mita mbili na nusu. Hasara niliyoiona mimi ilikuwa ndogo tu: wanafunzi wa shule yetu walirudishwa nyumbani kwa sababu sare mpya ziliishia mapajani.

Likaitishwa baraza tuelimishwe. Mwalimu Lihemba akanyoosha tena mkono, wa kushoto safari hii, kwa kuwa wa kulia haukufika juu.

"Mheshimiwa, nimeelewa urefu. Sasa upana? Upana haukukatwa. Kwa mita mpya uwanja umekuwa mpana kuliko inavyotakiwa, karibu mita tano na nusu za ziada."

Mheshimiwa alifikiri kidogo. "Hiyo ziada," akasema, "ni zawadi ya Serikali."

Tulipiga makofi tena. Mwalimu alipotoka nje alipitia bustanini na kutembea tena kando ya uwanja, mara hii kwa upana, na hapo ndipo alipokamatwa.

*

Shitaka lilikuwa kutembea kwa nia ya kuhesabu. Mahakama ilijaa. Mwalimu alisimama kizimbani akijishikilia kwa mkono mmoja, mwingine ulining'inia. Sista Tunu alikaa benchi la mbele amevaa sare yake ya uuguzi, iliyokuwa ikimbana, na niliona hata hakimu akimwogopa kidogo.

"Mshitakiwa," aliuliza mwendesha mashitaka, "ulipiga hatua au hukupiga?"

"Nilipiga."

"Ulizihesabu?"

"Ningekuwa ninaongopa nikisema hapana. Mimi huhesabu kila kitu. Humu ndani kuna feni nne, na moja ndiyo inayozunguka."

Watu walitazama juu. Mwendesha mashitaka naye alitazama, halafu akakasirika. "Huoni kwamba hatua za mtu mgonjwa haziaminiki?"

"Naona, bwana. Tangu niugue hatua zangu zimekuwa fupi. Mtu wa hatua fupi huhesabu nyingi, si chache. Mimi nilizipata chache. Ina maana uwanja umekatwa kuliko hata nilivyosema."

Hakimu alikunywa maji. Alikuwa mtu mzuri, nimemshonea viatu, na naamini alitafuta adhabu ndogo kuliko zote alizoruhusiwa. Akahukumu kwamba kwa muda wa mwaka mmoja Mwalimu Lihemba asikaribie uwanja wa tenisi wa Mikoroshini kwa umbali wa chini ya mita mia moja, na askari amsimamie.

"Nashukuru, Mheshimiwa Hakimu," alisema Mwalimu. "Mita zipi?"

Kalamu ya karani ilisimama. Hakimu akisema za zamani, amekiri kwamba zipo. Akisema mpya, amemsogeza mshitakiwa karibu zaidi na alichozuiwa. Alitazama dirishani, kisha picha iliyo ukutani, kisha kalamu yake.

"Mita za Jamhuri," akasema, na kuinuka haraka.

*

Askari aliyepewa kazi aliitwa Koplo Sekwao, kijana wa watu, mnyoofu, aliyeamini kwamba agizo ni la kutekelezwa. Asubuhi ya kwanza alichukua futi kamba mpya, akaanzia kwenye uzio wa uwanja, akapima mita mia kuelekea nyumbani kwa Mwalimu. Mita ya mia iliishia kwenye barabara mpya ya hospitali.

Barabara hii inahitaji maelezo. Ilipangwa iwe ya kilomita mbili, kutoka bustanini mpaka mlango wa hospitali, na mkandarasi akajenga kilomita mbili kamili, za Kizalendo. Lami ikaishia kwenye vichaka, hospitali ikionekana kwa mbali. Ilikwisha kuzinduliwa, kwa hiyo ilikuwa imekamilika. Magari na wagonjwa waliendelea kupita njia ya vumbi, na lami ikabaki tupu, nyororo, iliyonyooka.

Koplo alichora alama kwa chaki. "Mwalimu, kuanzia hapa kurudi nyuma ni ruhusa. Mbele ya hapa ni kosa."

"Na hapa ruhusa nifanye nini?"

"Sikuambiwa."

Sista Tunu, aliyekuwa amesimama pale, aliitazama lami upande huu na upande ule. Aliondoka bila kuaga. Alirudi na ndoo ya chokaa, burashi, madumu mawili ya mafuta, na vyandarua vya wodini vilivyochakaa. Kisha akaingiza mkono kifuani akatoa mkanda wa plastiki uliokunjwa, mweupe zamani, sasa wa manjano. Ulikuwa mkanda wa kliniki wa kupimia watoto vichwa. Wakati wa ukusanyaji hakuna aliyethubutu kumpekua.

"Sista, hiyo ni mita ya zamani," alisema Koplo kwa sauti ndogo.

"Hii ni ya vichwa vya watoto. Wewe uliambiwa kuhusu vichwa vya watoto?"

Koplo alifikiri. Hakuwa ameambiwa.

Walipima asubuhi nzima, kamkanda kadogo kwa kamkanda kadogo, Mwalimu akijumlisha kwa sauti: mita ishirini na tatu, sentimita sabini na saba. Barabara ilikuwa nyembamba kwa mchezo wa wanne, lakini wao walikuwa wawili. Mimi nilifunga vyandarua kwenye madumu. Nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa, nikiamini ni namna ya kuienzi barabara ya Serikali.

Mpira wa kwanza wa Mwalimu ulimwangukia miguuni. Wa pili pia. Raketi ilimponyoka ikateleza hadi kwa Koplo, aliyeiokota na kumrudishia. Siku ile Mwalimu alipiga mipira arobaini, hakuna uliofika nusu ya njia. Alipokaa chini alisema, "Sista, imetosha. Umejitahidi."

"Kesho saa kumi na mbili na nusu," Sista alijibu. "Na uoge."

Waliendelea wiki kwa wiki. Uwanja wa Mheshimiwa kule bustanini ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ilisemekana ni mzuri mno kukanyagwa, unasubiri wageni wa kitaifa. Kwa hiyo watu wa raketi walianza kuja barabarani, wakapanga zamu. Wagonjwa waliokuwa wakienda hospitali kwa miguu walipumzika pale wakitazama. Mwezi wa pili mpira wa Mwalimu uligusa chandarua. Mwezi wa nne ukavuka, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga vigelegele bila kujua sababu.

Wizara ilisikia, kama kawaida yake. Alitumwa ofisa mwenye faili kuja kupiga marufuku. Alisimama, akaangalia lami, akaandika sentensi, akaifuta. Akiandika kwamba tunazuia magari, ataulizwa magari yanakwenda wapi. Alimwita Koplo pembeni.

"Taarifa yako ya leo ni ipi?"

"Mtuhumiwa yupo mita mia na moja kutoka uwanjani, afande. Hakuna tukio."

Ofisa alifunga faili, akaondoka kwa njia ya vumbi.

Asubuhi ninayotaka kumalizia, jua lilikuwa bado laini. Sista alikuwa anaongoza, kama siku zote, ila mchezo ule mmoja Mwalimu alikuwa amebakiza pointi moja tu aupate, na Sista alikuwa amempiga mpira mkali upande wa kulia, upande mbovu. Sote tulidhani atauacha. Mwalimu alikokota mguu, akaufikia, akazungusha ule mkono, mkono uleule, na mpira ukapita juu ya chandarua, ukashuka pembeni kabisa na kuruka vichakani.

"Nje!" alisema Sista Tunu.

"Ndani!" alisema Mwalimu. "Sista, ndani!"

"Nje, nimeuona kwa macho yangu."

"Macho yako yana miaka sitini na nne!"

Walibishana mpaka watu wa zamu wakaanza kucheka. Mwishowe wote wawili walimgeukia Koplo Sekwao, aliyekuwa kivulini na futi kamba yake yenye picha. Alivua kofia. Alikuja, akapiga magoti kwenye lami akiwa na sare yake, akainamisha uso mpaka karibu na ardhi. Kwenye chokaa palikuwa na alama ndogo ya duara, nusu yake imechukua weupe wa mstari.

"Ndani," alisema.

"Koplo! Una hakika? Mstari huu ni wa mkanda wangu wa zamani. Fikiria kazi yako," alisema Sista.

Alibaki amepiga magoti. Alikuwa ametoka jasho. "Mpira umegusa mstari, Sista. Na mstari upo hapa. Ndani."

Mwalimu Lihemba alishusha raketi. Alisimama huku akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba kuna mtu kamwazima. Sista Tunu aligeuka, akaenda kuutafuta mpira vichakani, akakaa huko muda mrefu kuliko mpira unavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa ileile ya wodini.

"Haya, umepata mchezo mmoja," alisema. "Rudi mstarini. Nakuanzishia, na safari hii sikuonei huruma."